Mgeni mwenye jembe lake: Jinsi miji ya kaskazini mwa Ulaya inavyovuna majira ya baridi

WAHENGA walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika miji ya kaskazini kabisa mwa Ulaya, siku hizi yupo mgeni ambaye hana haja ya kupewa. Anakuja na jembe lake mkobani: kompyuta ndogo, simu na waya wa kuchajia. Anapanga chumba kwa wiki tatu au nne, anafanya kazi ya mwajiri au wateja walio nchi nyingine, na akimaliza anatoka kwenda kuiona theluji.

Mgeni huyu hufika katika miezi ambayo zamani wenye nyumba za wageni wengi waliihesabu kuwa ya hasara. Mjini Tromsø, Norwei, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mchana huwa ni saa chache za mwanga hafifu wa bluu, kama wa alfajiri. Helsinki, mji mkuu wa Ufini, hupata jua kwa muda usiofika saa 6 katika siku zilizo fupi kuliko zote za Desemba. Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, hupata kama saa 4 tu.

Hata hivyo, giza hilo lina faida na lina gharama. Anayekwenda bila kupiga hesabu anaweza kurudi hana akiba wala mwajiri.

Saa ndiyo mtaji

Hesabu ya kwanza ni ya saa. Wakati wa baridi, Ufini iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 1. Uswidi, Norwei na Denmark ziko nyuma kwa saa 2, na Iceland kwa saa 3.

Chukulia mfano wa mtunza hesabu anayefanya kazi akiwa Stockholm, Uswidi, huku ofisi yake iko Nairobi. Ofisi ikifungua saa 2 asubuhi, yeye ni saa 12 alfajiri na nje ni giza totoro. Ofisi ikifunga saa 11 jioni, kwake ni saa 9 alasiri, na katikati ya Desemba jua la Stockholm huwa limekwisha kuzama. Mtu huyo asipopanga mapumziko ya mchana, atakaa mwezi mzima bila kuliona jua isipokuwa dirishani.

Mwenye wateja New York ana nafuu. Ofisi za huko zikifungua saa 3 asubuhi, Stockholm ni saa 9 alasiri. Hutembea wakati wa mwanga, kisha hufanya kazi gizani. Kwa maneno mengine, swali la kujiuliza kabla ya kukata tiketi ni hili: mteja anakuhitaji saa ngapi?

Safari nayo inaweza kupangwa usiku ili siku ya kazi isipotee. Treni za kulala hutoka Helsinki hadi Rovaniemi, mji ulio karibu na Mstari wa Aktiki. Nyingine hutoka Stockholm kupitia mji wa machimbo ya chuma wa Kiruna hadi bandari ya Narvik, Norwei. Anayevuka kutoka Uswidi kwenda Ufini kupitia Haparanda na Tornio, miji miwili inayopakana, aangalie saa yake. Akivuka tu mpaka, saa inasogea mbele kwa moja na fedha inabadilika kutoka krona kuwa yuro. Wengi wamekosa mikutano kwa sababu ndogo kama hiyo.

Kadi kwanza, noti baadaye

Kati ya nchi hizo tano ni Ufini pekee inayotumia yuro. Nyingine nne kila moja ina krona yake, na krona ya nchi moja si ya nchi nyingine. Nchini Uswidi maduka na mabasi mengi hayapokei noti. Wenyeji hulipana kwa simu kupitia huduma ya Swish, iliyoanza mwaka 2012, lakini huduma hiyo humtaka mtu awe na akaunti katika benki ya Uswidi. Kwa hiyo mgeni hana budi kuwa na kadi ya benki inayofanya kazi, na ni vema awe na ya pili ya akiba.

Chakula cha hotelini ni ghali katika nchi zote tano. Wanaodumu ni wale wanaopanga nyumba yenye jiko na kununua vyakula dukani. Mahali pa kufanyia kazi si lazima palipiwe. Maktaba ya Oodi ya Helsinki, iliyofunguliwa mwaka 2018, na ile ya Deichman ya Oslo, iliyofunguliwa kwenye jengo jipya mwaka 2020, zina meza, joto na intaneti bila malipo kwa yeyote anayeingia.

Vifaa navyo vinahitaji matunzo. Betri ya simu huishiwa nguvu upesi kwenye baridi kali, hivyo simu hukaa mfuko wa ndani karibu na mwili. Kompyuta iliyotoka nje kwenye baridi ikiwashwa mara moja ndani ya nyumba yenye joto inaweza kuharibika kwa unyevu unaojikusanya ndani yake. Inaachwa kwanza ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la chumba.

Kibali kabla ya tiketi

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Nchi zote tano zimo katika eneo la Schengen, na mgeni wa matembezi haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Siku hizo huhesabiwa kwa eneo zima. Kutoka Uswidi kwenda Norwei hakuanzishi hesabu mpya.

Mtanzania au Mkenya anahitaji viza kabla ya kuondoka, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Viza ya matembezi si kibali cha kazi, hata kama mwajiri yuko nchi nyingine. Kila nchi ina taratibu zake kuhusu kazi ya kompyuta, na ubalozi ndio wa kuulizwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Iceland ilianzisha mwaka 2020 viza maalumu ya siku hadi 180 kwa wanaofanya kazi kwa mbali. Lakini imewekewa raia wa nchi ambazo hazihitaji viza ya Schengen, na mwombaji lazima athibitishe kipato cha krona za Iceland milioni 1 kwa mwezi. Mlango huo, kwa sasa, haujafunguliwa kwa wenye pasipoti za Afrika Mashariki.

Tena, anayekaa zaidi ya miezi sita katika nchi moja anaweza kuhesabiwa mkazi wa nchi hiyo kwa ajili ya kodi.

Barafu huvunwa Machi

Kwa mwenyeji, mgeni huyu ni mteja mwenye tabia tofauti na mtalii. Hakai siku mbili na kuondoka. Hununua maziwa na mkate dukani kila siku, hukata nywele, hupanda basi na kula chakula cha mchana nje pale kazi inapomchosha.

Wakulima wa huko wameliona hilo. Katika shamba la Friðheimar, Iceland, nyanya hulimwa mwaka mzima ndani ya mabanda ya vioo yanayopashwa joto kwa maji ya moto yatokayo ardhini, huku taa zikichukua nafasi ya jua. Wageni huketi kula supu ya nyanya katikati ya mimea yenyewe. Visiwani Lofoten, Norwei, samaki aina ya skrei huanikwa nje kwenye vichanja kuanzia Februari hadi Mei bila chumvi, wakikaushwa na upepo baridi. Wakishakauka huuzwa hadi Italia na Nigeria, na vichanja hivyo hivyo vimekuwa kivutio cha wageni.

Mfano unaofahamika zaidi uko katika kijiji cha Jukkasjärvi, karibu na Kiruna. Mfanyabiashara Yngve Bergqvist alikuwa akitembeza watalii mtoni wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi hakuwa na wateja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliamua kuiuza baridi yenyewe, na hapo ikazaliwa hoteli iliyojengwa kwa barafu na theluji.

Barafu ya hoteli hiyo haikatwi wakati wageni wamekwisha fika. Hukatwa vipande vikubwa kutoka Mto Torne kuanzia Machi, ikiwa nene na safi, na kuhifadhiwa ghalani kiangazi chote. Ujenzi huanza Novemba na milango hufunguliwa Desemba. Ifikapo Aprili jengo la baridi huanza kuyeyuka na maji kurudi mtoni. Wakati huo vipande vya msimu unaofuata viko ghalani tayari.