Matembezi ya Hisani: Ni Kitu Gani, na Marehemu Huingiaje?



Msimu uliopita, tulipokuwa tumekaa jamvini tukichambua karafuu, nilipigiwa simu na mpwa wangu aliyeko Uingereza. Alinambia kuwa anakusudia kutembea usiku kucha pamoja na wenziwe kwa ajili ya marehemu mama yake, ambaye ni dada yangu, na akaniomba nimchangie. Niliposimulia khabari hii, waliokuwapo walicheka. Mmoja akauliza: "Mtu akizunguka uwanja, maiti hupata nini?" Mimi sikucheka, lakini jawabu pia sikuwa nalo. Tangu siku ile nimeuliza na nimesoma, na kwa kuwa wanachama kadhaa wamenitaka nieleze, haya ndiyo niliyoyapata.

ASILI YAKE

Matembezi ya namna hii huitwa matembezi ya hisani, nayo ni ya aina nyingi. Haya aliyoyashika mpwa wangu yana chanzo kinachojulikana. Mwezi wa Mei 1985, katika mji wa Tacoma, Marekani, daktari mpasuaji aitwaye Gordy Klatt, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu wenye saratani, alitaka kukichangia chama cha nchi yake kinachopigana na maradhi hayo. Aliingia katika uwanja wa michezo wa chuo kimoja, akauzunguka kwa muda wa saa 24, mara akikimbia, mara akitembea, mpaka akatimiza zaidi ya maili 83. Rafiki zake walilipa dola 25 kila mmoja ili wafuatane naye kwa nusu saa. Alipomaliza zilikuwa zimepatikana dola 27,000.

Mwaka uliofuata hakwenda peke yake. Vilikuja vikundi 19, na watu wa kila kikundi wakapokezana, huyu akipumzika, mwenziwe huingia. Tangu hapo jambo hili limeenea katika nchi nyingi, Uingereza ikiwamo. Kwa desturi hufanywa usiku kucha kwa sababu, wasemavyo wenyewe, saratani nayo hailali.

FEDHA ZAPATIKANAJE?

Wengi wetu hudhani kuwa huko kutembea kwenyewe ndiko kunakoleta fedha. Sivyo. Fedha hutoka kwa watu wanaomjua mtembezi. Mfano wake ni kama mchumaji wetu wa karafuu. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na akichuma nyingi hupata nyingi. Mtembezi naye huenda kwa jamaa, jirani na wafanyakazi wenziwe, akawaahidisha kiasi fulani kwa kila maili atakayokwenda. Ahadi huandikwa katika karatasi pamoja na jina la mwenye kuahidi, na akisha kutembea huzunguka kukusanya. Wengine hutoa fungu moja tu bila ya kuhesabu maili.

Ila tafauti moja ni kubwa: mchumaji hupata ujira wake, lakini mtembezi hali hata senti. Fedha zote ni amana, na lazima zifike kwa wale walioandikiwa.

MAREHEMU HUINGIAJE?

Hapa ndipo nilipokuwa sikufahamu. Katika matembezi haya, mzunguko wa kwanza huachiwa wale waliougua saratani, nao hushangiliwa na wote. Kisha usiku ukiingia, huwekwa mifuko midogo ya karatasi kuuzunguka uwanja. Ndani ya kila mfuko hutiwa mchanga kidogo na taa, na nje huandikwa jina la marehemu. Watu hupita polepole, kimya, wakiyasoma majina hayo.

Mpwa wangu hakuwahi maziko ya mama yake. Nyinyi mwajua desturi yetu: mtu akifa asubuhi, alasiri keshazikwa, na aliye ng'ambo ya bahari hawezi kufika. Hakubeba jeneza, hakutia udongo, hakukaa matangani. Alinambia kuwa siku ile, huko aliko, alikwenda kazini kama kawaida kwa kuwa hakujua afanye nini. Usiku ule wa matembezi aliliandika jina la mama yake kwa mkono wake, akalipita mara nyingi mpaka kukacha. Nilipoyasikia hayo, niliona haya kuwa nilikuwa karibu kumkatalia.

Wala asidhani mtu kuwa matembezi yamekuja kuondoa hitima na dua. Yale yana mahali pake. Hii ni njia ya kutoa sadaka kwa niaba ya marehemu na kuwafaa wagonjwa walio hai.

LINALOTUHUSU SISI

Dada yangu alikaa na kivimbe cha titi karibu mwaka mzima bila ya kumwambia mtu, kwa haya. Kilikuwa hakimuumi. Ni vyema kila mwanachama ayajue haya, na awaambie walio nyumbani mwake: kivimbe cha saratani ya titi mara nyingi hakiumi mwanzoni, na kutouma kwake si dalili ya salama. Saratani ikijulikana mapema, tamaa ya kupona ni kubwa zaidi. Ikichelewa, kazi huwa nzito. Mgonjwa wa kwetu hupelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, na juu ya maradhi huongezeka nauli ya boti, malazi, na mtu wa kumuuguza.

Kwa hivyo naleta shauri. Baada ya msimu, watu wakiwa na nafasi, wanachama tutembee maili tatu tu, kila mmoja akimnuia marehemu wake, na fedha ziwe za nauli na malazi ya wagonjwa. Ikikubaliwa, mambo matatu yaangaliwe:

1. Fedha zipokelewe na watu wawili, risiti itolewe kwa kila shilingi, na hesabu isomwe mbele ya mkutano.

2. Yasiwe mashindano. Mzee atembee awezavyo, na mwenye maradhi ya moyo au sukari amuulize daktari kwanza.

3. Tuanze alfajiri, kabla ya jua kali, na maji ya kunywa yawekwe njiani.

Ama mimi, nilimwahidi mpwa wangu ujira wa pishi moja kwa kila maili. Alikwenda maili kumi na moja, na nimemlipa pishi kumi na moja kamili. Wenye maoni juu ya shauri hili na wampe katibu kabla ya mkutano ujao.

Mwanachama,
Pemba