Kalori na Mwili (4): Nani Kakwambia Wewe Hukai?

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za Juni 2024 zilionyesha kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, karibu watu bilioni 1.8, hawakufikisha dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ajabu yake ni kwamba sijakutana na hata mmoja wao. Kila ninayemuuliza ni mtu wa pilikapilika, hakai. Programu za simu za kupangia kalori nazo zinauliza kiwango cha shughuli zako, na mtu anajichagulia "shughuli nyingi" huku amejilaza kwenye kochi.

Katika makala ya tatu tulikokotoa kalori ambazo mwili unazitumia ukiwa umetulia tu, kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Leo ni zamu ya namba ya shughuli, ile ya kuzidishia kalori hizo ili kupata mahitaji ya siku nzima. Lakini kwanza niruhusuni nimtaje daktari Santorio, maana anayezungumzia kuupima mwili bila kumtaja anakula urithi wa marehemu bila kumwombea dua.

Santorio Santorio alizaliwa mwaka 1561 huko Capodistria, mji ambao leo ni Koper, nchini Slovenia, akawa profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Padua, Italia. Alikuwa akifahamiana na Galileo, na kama Galileo, hakuridhika na jambo ambalo halijapimwa. Akatundika kiti chake kwenye mkono wa mizani kubwa, akala akiwa juu ya kiti hicho na kufanya kazi hapohapo. Akapima kila kilichoingia mwilini na kila kilichotoka, na ninaposema kila kilichotoka namaanisha kila kilichotoka. Kazi hiyo ilimchukua miaka mingi. Mwaka 1614 akachapisha kitabu kidogo, De Statica Medicina, ambacho matoleo yake ya baadaye yana picha yake akiwa amekaa kitini mbele ya chakula. Kiti kilirekebishwa hivi kwamba akishakula kiasi alichojipangia, kinashuka kidogo, naye anajua kwamba mlo umekwisha. Sisi tunasubiri mkanda wa suruali utuambie.

Hesabu yake ilimshangaza. Mtu akila na kunywa ratili nane kwa siku, tano hivi zinapotea bila kuonekana, si kwa haja kubwa wala ndogo. Akasema zinatoka kwa jasho lisiloonekana. Hakuwa na njia ya kujua kwamba sehemu kubwa ni mvuke wa maji na hewa ya kaboni tunayoipumua nje. Hilo lilimsubiri mwanakemia Lavoisier, zaidi ya karne moja baadaye. Ninachompendea Santorio ni kwamba alikataa kujikadiria. Alikuwa daktari mashuhuri, angeweza kusema "mimi najijua", na hakuna ambaye angembishia.

Naona nafasi inaniishia, basi turudi kwenye kazi yetu. Mwaka 2001, mjini Roma, wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), Shirika la Afya Duniani (WHO) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa waligawa maisha ya watu katika mafungu matatu, kila moja na namba zake za kuzidishia: shughuli nyepesi, 1.40 hadi 1.69, shughuli za wastani, 1.70 hadi 1.99, na shughuli nzito, 2.00 hadi 2.40. Usichague fungu kwa hisia. Chukua daftari, ugawe saa zako 24, kisha kila saa uipe uzito wake. Kulala ni 1.0. Kuoga na kuvaa, 2.3. Kula, 1.5. Kazi ya kukaa, 1.5. Kuendesha gari, 2.0. Kutazama runinga na kupiga soga, 1.4. Kupika, 2.1. Kazi za nyumbani, 2.8. Kutembea bila mzigo, 3.2. Kuchota maji, 4.4. Jumlisha, ugawanye kwa 24.

Tumchukue bwana mmoja wa ofisini jijini Dar es Salaam. Analala saa saba, saa moja ya kuoga na kuvaa, moja ya kula, tatu kwenye foleni akiwa nyuma ya usukani, nane mezani, tatu mbele ya runinga, na saa moja nzima anatembea kwa ajili ya afya. Jumla ni 36.2, na ukigawanya kwa 24 unapata 1.51. Ni shughuli nyepesi, pamoja na raba zake mpya. Saa ile ya matembezi, ambayo anaisimulia kutwa, imempandisha kutoka 1.43 tu, ambayo angeipata kama saa hiyo nayo angeitumia mbele ya runinga. Saa moja haiwezi kuzibeba nyingine ishirini na tatu.

Na hata namba hiyo ni ya kuanzia. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, na mwaka 2012 wakaeleza kwamba wanaume wao hutembea kilomita 11 hivi kwa siku, lakini jumla ya kalori wanazotumia, ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi ya watu wa Ulaya na Marekani. Inaelekea mwili unabana matumizi kwingine. Kwa hiyo fuata namba yako kwa wiki tatu au nne huku ukijipima asubuhi kabla ya kula. Uzito ukienda usikotaka, punguza au ongeza kalori 100 au 200, uendelee kupima.

Sasa tumalizie na mtu wa pili wa nyumba ileile, dada wa kazi. Analala saa saba, anaoga na kula kwa saa mbili, anapika saa tatu, anadeki, anafua na kupanga vitu saa sita, anachota maji saa moja, anakwenda sokoni kwa miguu saa moja, anapumzika saa nne. Kwake inatoka 1.96, kileleni mwa fungu la wastani. Sasa zidisha namba hizo kwa kalori za mwili uliotulia. Bwana wetu ana miaka 45, kilo 80 na sentimita 170: anahitaji kalori 2,480 hivi. Dada ana miaka 20, kilo 52 na sentimita 158: anahitaji 2,440. Tofauti yao haifiki vijiko vitatu vya chai vya sukari. Leo jioni, chakula kikishapakuliwa, ziangalieni sahani zao mbili.