Umeacha uwakili, mwili bado uko kortini

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu bado umelala juu ya kilima cha Sagalla, karibu na Voi. Tuseme kuna wakili aliyefunga ofisi Nairobi miezi 3 iliyopita akarudi nyumbani. Yuko macho tayari, anapapasa simu kitandani kwa kuwa amehisi imetetemeka. Haijatetemeka, iliisha chaji tangu jana usiku. Hana kesi ya kutajwa leo, hana hati ya kiapo ya kuwasilisha, na cheti cha uwakili cha mwaka huu hakukilipia. Hata hivyo moyo unamdunda kama wa mtu aliyegundua kwamba zile siku 14 za notisi ya rufaa zilikwisha jana.

Majirani watamwambia apumzike, hewa ya huku ni dawa. Hewa ni nzuri kweli, ila mwili haujui kwamba umehama.

Ubongo ukihisi hatari huziamuru tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimwage adrenalini, kisha kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari hupanda damuni, tumbo huacha kusaga chakula kwa muda. Kwa dakika chache huo ni msaada mkubwa. Ndovu wa Tsavo wanaujua. Tangu 2009, mradi wa mtafiti Lucy King umeshirikiana na wakulima wa Sagalla kuzungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki. Ndovu akisikia mvumo wa nyuki hutikisa kichwa, hujirushia vumbi, hutimua mbio. Akishafika mbali hurudi kula majani yake. Kengele imelia, kengele imezimwa.

Ya wakili huwa haizimwi. Kampuni kubwa za sheria hupima muda wa mteja kwa vipande vya dakika 6, na aliyezoea kuikata siku namna hiyo akikaa saa nzima chini ya mwembe huona amepoteza vipande 10. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa mwajiriwa siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Lakini mwenye kampuni yake ataomba likizo kwa nani?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi uliokithiri kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuhisi huna tena ufanisi. Halikuuita ugonjwa, bali matokeo ya msongo wa kazini usiodhibitiwa. Madhara yake si ya kufikirika. Utafiti wa 2016 uliohusisha mawakili karibu 13,000 wa Marekani uliwakuta asilimia 28 wakiwa na dalili za sonona, na takriban mmoja kati ya watano akinywa pombe kupita kiasi. Mwaka 2021 shirika hilo na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40.

Basi nini huizima kengele? Wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walitaja mambo manne mwaka 2007: kuiacha kazi kimawazo, kutulia, kujifunza jambo jipya, na kuwa na usemi juu ya muda wako. La kwanza ndilo gumu, na kijijini huwa gumu zaidi. Giza likiingia jirani anabisha hodi, bahasha ya kaki mkononi: "Wakili, hebu nitazamie hii hati ya shamba." Utamfukuza? Huwezi. Ila waweza kutangaza kwamba mambo ya hati ni Jumamosi asubuhi tu, na jioni nyingine ukamkaribisha chai bila bahasha.

Wala usidhani shamba lenyewe ni tiba. Mkulima anayekesha na tochi na debe la kupiga ili ndovu wasimalize mahindi naye anamwaga kotisoli. Nimeona wastaafu wakilima ndengu kwa ratiba kali kuliko ya korti, wakimgombeza kibarua kama karani aliyepoteza faili. Hapo kazi imebadilika jina tu. Heri mizinga michache, ambayo nyuki hawataki uwasimamie, na saa maalumu ya kulala ambayo simu inabaki sebuleni.

Kupona huchukua muda, na kukosa usingizi wiki za mwanzo si ajabu. Lakini wiki 2 zikipita huzuni haikutoki, hakuna kinachokufurahisha, au usiku haupiti bila chupa, usingoje. Muone daktari, Voi ipo Hospitali ya Rufaa ya Moi. Kwa tatizo la pombe, NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, hupokea simu bila malipo kwa nambari 1192.