Nambari Iliyoandikwa kwenye Pampu: Oktani Hupima Nini?

Vituo vya mafuta vya Marekani huandika 87 kwenye pampu ya petroli ya kawaida, vya Ujerumani huandika 95, na vya Muscat huuza 91, 95 na 98, kwa hiyo mwenye gari aliyehama kutoka mahali pamoja kwenda pengine kati ya hapo, kama walivyohama Waswahili wengi, huelekea kudhani ama kwamba petroli ya Marekani ni hafifu, ama kwamba nambari kubwa ndiyo petroli yenye nguvu zaidi. Dhana zote mbili ni potofu, na ile ya pili ndiyo inayokula fedha: mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilikadiria kuwa madereva wa nchi hiyo walikuwa wamepoteza zaidi ya dola bilioni 2 katika mwaka mmoja kwa kununua petroli ya daraja la juu ambayo magari yao hayakuihitaji.

Oktani ni kipimo cha ustahimilivu. Katika injini ya petroli, pistoni hupanda ndani ya silinda na kuubana mchanganyiko wa hewa na mvuke wa mafuta, kisha plagi hutoa cheche, na mwali husambaa kwa mpangilio kutoka kwenye cheche hiyo hadi pembezoni mwa silinda. Mbano ukizidi, au joto likipanda mno, sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi hujiwasha yenyewe kabla mwali haujaifikia, na mshindo wake huzipiga kuta za silinda kwa mlio mkavu, mfano wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Huko ndiko kugonga kwa injini, na hakupaswi kuchanganywa na kunoki kwa lugha ya gereji, neno ambalo mafundi hulitumia kwa injini iliyokwisha kufa, ingawa injini inayoachwa igonge kwa muda mrefu inaweza kabisa kufikia hapo. Petroli yenye oktani ya juu ni ile inayovumilia mbano mkubwa zaidi bila kujiwasha, wala haina nishati zaidi kwa sababu hiyo. Ethanoli, kwa mfano, ina oktani inayoishinda petroli ya kawaida kwa mbali, lakini lita yake moja ina nishati pungufu kwa takriban theluthi moja.

Chanzo cha kugonga hakikujulikana mapema. Wengi waliulaumu mfumo wa cheche wa umeme, hadi Thomas Midgley, mhandisi aliyefanya kazi chini ya Charles Kettering huko Dayton, Ohio, alipoonyesha kuwa tatizo limo ndani ya mafuta yenyewe. Mwaka 1916 Midgley alidhani kwamba petroli iliyotiwa rangi nyekundu ingefyonza joto vizuri zaidi, na kwa kuwa ghala halikuwa na rangi inayoyeyuka katika mafuta, alitia iodini. Kugonga kukapungua, na majaribio ya baadaye yakathibitisha kuwa rangi haikuhusika hata kidogo. Ni nadra kwa dhana mbovu kuzaa matunda namna hiyo, na matunda yenyewe yalikuja kuwa machungu, kwani utafutaji huo ulimfikisha mwaka 1921 kwenye mchanganyiko wa madini ya risasi, ambao uliuzwa ndani ya petroli kuanzia 1923 licha ya sumu yake kujulikana. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliuacha kufikia mwanzo wa 2006, na mwaka 2021, baada ya Algeria kusitisha mauzo, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kuwa petroli ya magari yenye risasi imekwisha duniani.

Mizani ya oktani ilibuniwa na mkemia Graham Edgar katikati ya miaka ya 1920. Alichukua vimiminika viwili, heptani, inayogonga upesi, akaipa 0, na isooktani, inayostahimili, akaipa 100, hivyo petroli ya 95 ni ile inayogonga sawasawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani. Upimaji hufanywa kwa injini maalumu ya silinda moja ambayo mbano wake hubadilishwa ingali ikizunguka, na hapa ndipo nchi zinapoachana. Njia ya kwanza, iitwayo RON, huizungusha injini hiyo mara 600 kwa dakika, na ya pili, MON, huizungusha mara 900 huku mchanganyiko ukipashwa joto zaidi, kwa hiyo hutoa nambari ndogo. Ulaya, Ghuba, Japani na Afrika Mashariki hutaja RON, ilhali Marekani huchukua wastani wa njia zote mbili. Ndiyo sababu 87 ya Ohio ni takriban 91 ya Muscat, na 91 ya Ohio ni kama 95 au 96 ya Berlin.

Injini za kisasa zina kihisi kilichofungwa kwenye bloku, ambacho husikia mtetemo wa kugonga na kuifanya kompyuta ya gari icheleweshe cheche, hivyo gari lililotiwa oktani ndogo kuliko inayotakiwa kwa kawaida hupoteza nguvu na kula mafuta zaidi kabla ya kuharibika. Kwa sababu hiyo kitabu cha gari husomwa kwa makini: kikisema oktani fulani ni ya lazima, hakuna mjadala, lakini kikisema inapendekezwa tu, oktani ya chini yake inakubalika ila kwa upungufu kidogo wa nguvu, na kisipotaja chochote zaidi ya petroli ya kawaida, kununua ya juu ni hasara tupu. Huko Denver, ambako hewa ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, huuzwa hata petroli ya 85, desturi iliyozifaa kabureta za zamani, ilhali watengenezaji wengi wa magari ya leo, hasa yenye turbo, husisitiza 87 hata mlimani.

Magari yaliyotumika ya Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara za Dar es Salaam na Mombasa, yana kanuni yake. Kiwango cha Japani huitaka petroli ya kawaida isipungue RON 89, na ile ya juu, iitwayo haioku, isipungue 96. Gari dogo la familia lililoundwa kwa ajili ya ile ya kawaida halidai zaidi ya petroli ya kila siku ya Afrika Mashariki, lakini gari la turbo la michezo mara nyingi huwa na kibandiko cha Kijapani kinachodai haioku, kilichobandikwa ndani ya kifuniko kidogo cha tundu la tanki, mahali ambapo mnunuzi anayekagua injini, matairi na viti hapafungui.