UZI: Stima zikipotea Pwani nzima, kuna mashine inajua zimekatikia wapi

Giza likiingia Likoni mpaka Kisauni, dakika 10 haziishi mtu ashasema ni hujuma. Mwenzake anamjibu ni uzembe. Mimi nataka swali moja kwanza: hitilafu iko kilomita ya ngapi? Jibu huwa lipo, twende polepole.

Kama ni mtaa wenu peke yake hapo Changamwe, pengine ni transfoma. Hapa naongelea minara mikubwa, mfano laini ya KETRACO ya kilovolti 400 kati ya Nairobi na Mombasa, kilomita 482.

Kwenye ncha za laini kuna relei zinazopima volteji na mkondo. Waya una ukinzani wake kwa kila kilomita, kwa hivyo ukigawa volteji kwa mkondo unapata umbali. Shida ni kwamba mti ulioangukia waya nao unaongeza ukinzani wake, hesabu inapotoka. Ikikosea asilimia 3 tu, ni kama kilomita 14 za kutafuta. Katikati ya Tsavo hiyo si mchezo.

Njia kali zaidi ni ya wimbi. Hitilafu ikitokea, wimbi la umeme linakimbilia ncha zote mbili karibu na kasi ya mwanga, kama mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kila ncha inaandika limefika saa ngapi, kwa saa za setilaiti. Tuseme Pwani wamelipata mapema kwa sehemu 400 hivi. Maana yake upande wa Nairobi lilisafiri kilomita 120 zaidi. 482 toa 120, gawa kwa 2: kilomita 181 kutoka huku kwetu. Hapo ushapita Voi. Hesabu ya shule ya msingi hiyo, na mafundi wanajua gari lielekee wapi.

Lakini mashine inakwambia wapi na lini, haikwambii nani. Juni 2016 nchi ilizimwa na tumbili pale Gitaru. Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere–Embakasi ilianguka, ikasemekana imehujumiwa. Mahali palijulikana, mkosaji ni uchunguzi mwingine.

Sasa siasa. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Kenya Power ikanyooshea kidole kituo cha upepo cha Turkana. Wenye kituo wakasema volteji ya gridi ndiyo iliyopanda ikawazima. Huku mtandaoni kila mtu akachagua upande kulingana na kambi yake, wakati relei zinaandika ni tukio gani lilitangulia, mpaka sehemu ya sekunde.

Rekodi hiyo ndiyo ya kudai. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na KETRACO ni shirika la serikali. Andika barua, taja tarehe na laini, omba muda, kilomita na relei iliyotangulia. Kwa sheria ya 2016, wana siku 21 za kukujibu.