Minervali si bei yote: omba karatasi kamili mbele ya kuomba avansi

Wandugu wafanyakazi, mutoto wangu wa kike alipata diploma ya Serikali, akachagua chuo kimoja cha Lubumbashi. Sisi tunakaa Kolwezi, karibu kilometa 300. Karatasi yao ya matangazo ilisema: masomo ya mwaka, dola 300. Basi. Niliipeleka kwenye ofisi ya kazi, nikaomba avansi. Kule wanafuata karatasi: kama imeandikwa 300, unapata 300, halafu wanakata kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.

Kumbe ile ilikuwa minervali peke yake. Mwezi wa pili simu inalia: "Papa, wanaomba makuta ya laboratwari." Dola 40. Silabisi, 60. Karte ya mwanafunzi, 10. Kujiandikisha kwa mitihani, 15, mara mbili kwa mwaka. Staji, 25. Nikahesabu kwenye daftari: 465. Na hapo sijaweka chumba, maana mwenye nyumba anataka garanti ya miezi kadhaa mbele ya kukupa ufunguo. Siku ya sesioni ya kwanza jina la mutoto halikuwa kwenye liste. Sababu: dola 15.

Sisemi walidanganya. Kila kitu kilibandikwa kwenye ubao, lakini ndani ya chuo, wakati mutoto ameisha kuingia. Mzazi mwenye kufanya zamu ya usiku kwenye karieri ataona ule ubao wapi?

Wengine kati yetu wanachanganya. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya shule za msingi za Serikali, sawa vile inaandikwa katika kifungo cha 43 cha Katiba. Chuo kikuu hakimo. Tena wazee wanahesabu bado miaka mitatu ya gradua. Sasa, kwa mpango wa LMD, miaka mitatu inatoa lisansi, na masta ni miwili juu yake. Uliza basi bei ya mwaka wa kwanza, na ya mwaka wa mwisho pia, maana pale kuna kazi ya kuandika, kuchapisha na kuweka.

Jambo lingine ni feza. Wanaandika dola, unalipa franka kwenye banki. Kwa kiwango gani? Cha siku gani? Iandikwe.

Kwa hiyo sisi wa sindika tumetengeneza ukurasa mmoja. Mzazi anaupeleka chuoni, wanajaza kila malipo ya mwaka na tarehe yake, wanapiga muhuri, ndipo anaomba avansi. Chuo kimoja kilijaza siku ile ile. Kingine kilijibu eti mzazi arudi kisha mutoto ameisha kuandikishwa. Huyo mzazi alienda kutafuta chuo kingine.

Wangu alifanya sesioni ya pili, akapita. Deni yangu ya avansi itaisha mwezi wa sita.