Chungu Kiivacho Bila ya Moto

Ndugu msomaji, huenda ukacheka kuona mwalimu wa chuo, mtu aliyezoea mbao na misahafu, leo ameshika kalamu kuandika habari za maharage na supu. Cheka upendavyo, lakini soma mpaka mwisho, kwani jambo lenyewe lilinijia chuoni, halikunijia jikoni.

Kijiji chetu cha Mnazi kimo katika Wilaya ya Lushoto, lakini mgeni asidhani kwamba tunaishi katika ile baridi ya milimani. Sisi tuko chini, katika uwanda wa upande wa kaskazini. Milima ya Usambara imesimama nyuma yetu kama ukuta, na mbele yetu ni nyika inayokwenda mpaka Mkomazi. Jua letu ni kali, kuni ziko mbali, na kazi ni nyingi. Adhana ya alfajiri ikilia, watu hutawanyika: huyu shambani, huyu malishoni, huyu sokoni. Akina mama wengi hawarudi nyumbani mpaka jua limeelekea kuchwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mdogo, mtoto wa miaka tisa, mwenye akili nyepesi. Kila siku baada ya alasiri akikaa mbele yangu na Juzuu Amma yake, kichwa chake huanguka kifuani akasinzia. Nilimkemea siku ya kwanza, nikamkemea siku ya pili, na siku ya tatu nikamsimamisha mbele ya wenzake ili aone haya. Jioni ile mama yake alikuja mlangoni kwangu, akapiga hodi, akaniambia kwa adabu: "Maalim, usimkemee mwanao. Tangu uji wa asubuhi hajatia kitu tumboni. Mimi hurudi shamba magharibi, na maharage hayaivi kwa dakika kumi. Nikitaka ayakute tayari, sina budi niyapike usiku, nilale na jiko la mkaa ndani."

Kwa hakika nilikosa la kusema. Nilikuwa nikimwadhibu mtoto kwa kosa la njaa. Na neno la mwisho la mama yule lilinitia hofu zaidi kuliko la kwanza.

Sote tunaijua hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume (s.a.w.) alipopewa habari aliwaambia watu kuwa moto ni adui wao, basi wauzime waendapo kulala. Na katika mapokezi mengine aliamrisha vyombo vifunikwe na taa zizimwe usiku. Wazee wetu walidhani hatari ni mwako tu. Siku hizi wataalamu wametubainishia hatari ya pili. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, nayo huitwa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo huingia katika damu ikachukua mahali pa ile hewa tunayoihitaji, na mtu aliyelala haamki tena. Huko milimani kwenye baridi ndiko hatari ilipo kubwa zaidi, kwa kuwa watu hufunga madirisha wakaota moto ndani. Na moshi wa kila siku nao una hesabu yake: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya moshi wa majumbani.

Basi nilimkataza mama yule asilale na jiko. Lakini nilipofunga mlango nilijiuliza: Nimemkataza, je, nimempa nini badala yake? Kukataza bila ya kuonyesha njia ni nusu ya kazi.

Njia ilikuja kwa shemeji yangu, dada yake mke wangu, aliyekuwa akiishi Mombasa. Alipokuja kututembelea alitukuta katika mazungumzo hayo, akatuambia kwamba huko kwao amewaona wanawake wakichemsha chungu kwa muda mfupi, kisha wakakitia ndani ya kikapu kilichojazwa nguo, wakakifunika na kwenda zao kazini. Wakirudi, chakula kimeiva na bado kina moto. Sikumsadiki. Mke wangu alimsadiki, na mke wangu ndiye aliyekuwa na haki.

Jambo hili halina uchawi. Chungu kilichochemka kina joto la nyuzi 100. Tunaendelea kukitilia kuni kwa sababu joto linakimbia: linatoka ubavuni likachukuliwa na upepo, linatoka juu pamoja na mvuke. Ukilizuia lisitoke, chakula hujipikia chenyewe kwa joto lake, kwa kuwa nyama na maharage hulainika hata pasipo mchemko mkubwa. Ni kama mtu aliyejifunika blanketi. Blanketi halina moto wake. Linahifadhi joto la mwili.

Wala hili si jipya duniani. Mwaka 1867 sanduku la namna hii kutoka Norway lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris. Wakati wa vita vikuu vya pili, 1939 mpaka 1945, Waingereza walifundishwa kupika katika masanduku yaliyojazwa nyasi kavu, ili wasitumie makaa mengi. Hata kile chungu cha umeme kipikacho polepole, kinachotumiwa na ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani, kina asili ya namna hii. Aliyekibuni Marekani ni Irving Naxon, naye alipata hati ya ubunifu wake mwaka 1940. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa mama yake, aliyemweleza jinsi Mayahudi wa Vilna walivyokuwa wakipeleka vyungu vyao katika tanuri la muoka mikate Ijumaa jioni, vikaiva usiku kwa joto la tanuri, kwa kuwa siku ya Sabato hawawashi moto. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ilikitoa chungu hicho kwa jina la Crock-Pot, kikaenea.

Na sisi wenyewe tunao mfano. Nani asiyeijua boko boko ya Unguja, ile ngano na nyama inayopikwa kwa saa nyingi mpaka ikapondeka kama uji? Waarabu wa Oman huiita harisi, na mwaka 2023 UNESCO iliiandika katika orodha ya turathi za wanadamu. Basi chakula kizuri cha wazee wetu kilikuwa cha subira. Kilichobadilika ni kwamba zamani palikuwa na mtu wa kukaa nacho siku nzima, na leo hayupo.

Sasa nieleze namna ya kukitengeneza kikapu hicho. Chukua tenga, kama lile linaloteremsha nyanya na karoti kutoka milimani, au kikapu kikubwa cha ukindu. Kitandike ndani nguo nene, kisha ujaze usufi, au pamba, au matambara, au nyasi zilizokauka vizuri. Unene wa chini na wa kila upande usipungue upana wa kiganja. Acha katikati shimo linaloenea sufuria yako barabara, pasibaki nafasi ya hewa. Kisha shona mto mnene wa kufunika juu, kwani joto jingi hupotea kwa juu. Sisi tulitumia kanga kuukuu mbili na usufi wa mito ya zamani, na hatukununua kitu ila tenga lenyewe.

Na supu yenyewe, kwa nyumba ya watu sita, mke wangu huipika hivi. Usiku baada ya isha hurowesha maharage vikombe viwili katika maji mengi. Kabla ya alfajiri huyamwaga maji hayo, akatia maji mapya, maharage, nusu kilo ya mifupa yenye nyama ya mbuzi au ya ng'ombe, kitunguu na tangawizi iliyopondwa. Huyachemsha kwa moto mkali, mchemko wa kuruka, muda wa nusu saa kamili. Kisha hutia viazi vitatu na karoti mbili zilizokatwa vipande vikubwa, akangoja mpaka sufuria ichemke tena. Hufunika kwa kifuniko kinachobana, huifuta masizi, na mara hiyo hiyo huitia katika kikapu, akaigandamiza mto juu. Hapo jua ndiyo kwanza linachomoza, na jembe limo begani. Kikapu hakifunguliwi mpaka baada ya adhuhuri, kwani kila unapochungulia joto linatoka. Atakayetangulia kurudi, mkubwa wa watoto au mimi mwenyewe, huiteleka tena motoni ichemke, akatia nyanya, chumvi na pilipili manga. Nyanya na ndimu hazitiwi mapema, kwa sababu ukali wake huzuia maharage kulainika.

Nina maonyo manne, na msomaji ayashike kama anavyoshika sharti za udhu.

La kwanza, ile nusu saa ya mchemko isipunguzwe. Maharage, khasa yale mekundu, yana sumu ndani yake yakiwa mabichi. Punje nne au tano tu zaweza kumtapisha mtu. Mchemko mkali huiua sumu hiyo, na moto mdogo usiofika kuchemka haumalizi kitu, bali huenda ukaizidisha. Mwenye chungu cha umeme naye ayachemshe kwanza katika sufuria nyingine.

La pili, sufuria ijae, au ikaribie kujaa. Mara yetu ya kwanza tulipika nusu sufuria, na kifuniko kilikuwa kimepinda. Tulipofungua alasiri tulikuta maji ya uvuguvugu na maharage magumu yanayonuka uchachu, tukayamwaga yote. Nilitaka kulirudisha tenga sokoni. Mke wangu akaniambia: "Mwalimu, mtoto akikosea aya ya kwanza, wewe humfukuza chuoni?" Nikanyamaza, tukajaribu tena kwa sufuria iliyojaa, ikaiva.

La tatu, chakula kisilale kikapuni mchana na usiku. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaa. Saa tano au sita zinatosha. Kikitoka kichemshwe tena kabla ya kuliwa, na kikiwa kimepoa kabisa au kimebadilika harufu kimwagwe.

La nne, kaa lisiingie kikapuni kamwe, wala sufuria yenye cheche chini yake. Nguo na usufi hushika moto upesi.

Ndugu msomaji, angalia jinsi mambo yalivyokutana. Tuliamrishwa kuzima moto na kufunika chombo. Kikapu hiki kazi yake ni hiyo hiyo: moto umezimwa, chombo kimefunikwa, na chakula kinaiva. Kuni zilizokuwa zikiwaka saa mbili au tatu sasa huwaka muda mfupi tu, na mti uliobaki mlimani unashika maji ya mito inayotuteremkia. Serikali nayo mwaka 2024 ilitoa mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, ukikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Hilo ni jema, lakini mtungi wa gesi una bei yake, na mwenye mtungi akitumia kikapu, mtungi wake utadumu zaidi.

Neno kwa akina baba. Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika akitoka kwenda kusali. Basi mwanamume asione aibu kushona mto wa kikapu au kuteleka sufuria mkewe akiwa bado yuko shambani. Anayelima pamoja nawe mchana kutwa hafai kuachiwa moto peke yake jioni.

Na neno kwa wote. Katika Sahihi ya Muslim imo hadithi ya Abu Dharr, kwamba Mtume alimuusia apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie jirani zake. Nimekwisha kusema kwamba kikapu kinataka sufuria iliyojaa. Basi sufuria ikijaa, yule jirani mgonjwa, au mjane, au mtoto wa jirani asiyekuta mtu nyumbani, naye fungu lake limo.

Mke wangu alimshonea mama yule kikapu cha pili, na mimi nikampelekea kwa mkono wangu, nikamwomba radhi kwa ajili ya mwanawe. Mtoto naye nilimwomba radhi mbele ya wale wale wenzake waliomwona akisimamishwa. Alikwisha hitimu Juzuu Amma zamani. Tangu siku ile, kila mtoto akisinzia mbele yangu, humuuliza kwanza: "Umekula nini leo?"

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, azitie baraka nyumba zetu, na atulinde na shari ya moto wa dunia na wa akhera. Wabillahi tawfiq.